SUMU YA KUVU KATIKA MAHINDI YETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa kikundi cha njia mbele ya mkutano wa tawi, Nairobi)



Mimi si daktari wala si bwana shamba. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu mnaijua: mimi ni mtu wa njia, kukaza misumari na kuangalia mataruma, toka stesheni ya Nairobi hadi Kibera, Dagoretti na Kikuyu. Lakini Katibu aliponiuliza kama ninalo la kusema, nilimjibu kuwa ninalo neno moja lililonikaa moyoni tangu mvua za mwaka jana. Neno lenyewe ni habari ya ugali tunaokula. Kabla ya kusimama hapa nimeuliza wanaojua, na nimesoma. Basi nisikilizeni kwa uvumilivu.

JAMBO LILILONIPATA

Mwaka jana sisi watu sita wa kikundi kimoja tulichanga fedha tukanunua magunia matatu ya mahindi, kila gunia kilo 90. Tulipiga hesabu tukaona kununua kwa gorogoro kila jioni kunatumaliza, maana maskini hununua kidogo kidogo na hulipa zaidi kuliko tajiri. Tuliyapata kutoka kwenye lori lililosimama kando ya barabara, bei nzuri, na mahindi yenyewe meupe kwa macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyetia punje mdomoni akaiuma asikie kama imekauka. Tulitia alama kila gunia, mstari mmoja wa rangi nyekundu, ili lisichanganyike na la mtu mwingine. Tukayaweka katika chumba cha mwenzetu, juu ya sakafu ya simiti, yameegemea ukuta. Mvua ikanyesha.

Gunia la kwanza tulilila. La pili tulilila. Tulipolifungua la tatu, mkono uliingia katika joto kama kiota cha kuku aliyeatamia. Harufu ilikuwa ya nguo zilizofungiwa zingali mbichi. Punje zilishikamana mafungu mafungu, na juu yake kulikuwa na unga wa rangi ya kijani na manjano.

Tulibishana. Mmoja alisema tuyaoshe na kuyaanika. Mwingine akasema tuyachanganye na mahindi mazuri, hakuna atakayejua. Wa tatu akasema yatupwe, lakini huyo hakuwa na watoto shuleni, tukamcheka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari la hesabu. Akaja mtu mwenye mkokoteni, akasema yeye hununua mahindi ya namna hiyo kwa chakula cha mifugo. Akatupa chini ya nusu ya fedha tulizolipa. Tukagawana. Mimi fungu langu nilinunulia sukari na mafuta ya taa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mtoto wangu wa pili kusaga mahindi, kule Kawangware, tukiwa na debe letu dogo. Mlangoni mwa kinu palikuwa na magunia yamepangwa. Moja lilikuwa na mstari mwekundu. Ndugu zangu, nililijua gunia letu kama mtu anavyolijua koti lake. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akipakia, akaniambia kuwa hayo ni ya unga wa bei ndogo, yanasagwa pamoja na mengine, na watu wanaugombania. Mbele yangu alisimama mama mmoja, mtoto mgongoni, anangoja zamu yake na mkoba wake mtupu.

Sikusema kitu. Nilimshika mtoto wangu mkono, nikachukua debe langu bila kusaga, nikarudi nyumbani. Nilimwokoa mtoto wangu peke yake. Hilo ndilo linalonisimamisha hapa leo.

SUMU YENYEWE NI NINI

Kuvu ni kiumbe kidogo sana, hukaa katika udongo na hupeperuka hewani. Huingia katika mahindi yangali shambani, hasa mwaka wa ukame mmea unapokosa nguvu, au wadudu wanapotoboa gunzi. Kisha mahindi yakivunwa na kuwekwa mabichi, kuvu hupata joto na unyevu, na huzaana. Ziko kuvu za namna nyingi, lakini moja ya rangi ya kijani na manjano ndiyo inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania wameipa jina zuri la Kiswahili, sumukuvu.

Ulimwengu uliamka juu ya sumu hii mwaka 1960. Huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa uliitwa X. Wataalamu walipotafuta, waliikuta katika unga wa njugu kutoka Brazili waliolishwa ndege hao. Mwaka huo huo hapa kwetu Kenya, bata wachanga kwa maelfu walikufa katika Bonde la Ufa baada ya kula njugu zenye sumu hiyo hiyo. Basi habari hii si ngeni katika nchi yetu.

Mwaka 1981 ikawafikia watu. Huko Machakos watu 20 waliingizwa hospitali wakiwa na macho ya manjano na matumbo yamevimba, na 12 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota kuvu. Mbwa waliokula chakula kile kile walikufa pia.

Kisha mwaka 2004. Wengi wenu mnakumbuka, na wenzetu wa Ukambani hawawezi kusahau. Tangu Januari hadi Julai ya mwaka ule, watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Kulikuwa na njaa, mvua ikanyesha wakati usiotazamiwa, na watu waliyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zao walimolala. Wachunguzi walikwenda masokoni wakachukua mahindi na unga, vipimo 350. Zaidi ya nusu vilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja. Na katika kila vipimo 100, 7 vilipita sehemu 1,000. Mahindi ya shamba la mtu mmoja yalikuwa yamekwisha kuingia sokoni na kuwa ya kila mtu, kama gunia letu.

Siku hizi sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 tu katika bilioni. Ili mpate kuelewa udogo wake: katika gunia zima la kilo 90, sumu inayoruhusiwa haifiki hata sehemu moja ya elfu ya gramu moja. Huwezi kuiona. Huwezi kuionja. Punje chache zilizoharibika kabisa zaweza kuliharibu gunia zima.

MANENO TUNAYODANGANYANA

Nataka kuyajibu maneno yale tuliyosema siku ile tuliposimama juu ya gunia, maana najua yanasemwa katika nyumba zote.

Neno la kwanza: "Moto huua kila kitu." Moto wa jikoni huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje haiondoki kwa kuchemsha githeri wala kwa kusonga ugali. Wala haiondoki kwa kuyachachusha mahindi kuwa busaa.

Neno la pili: "Tuyaanike upya." Jua huzuia kuvu isiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuwekwa inabaki. Ni kama kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Neno la tatu: "Tuyachanganye na mazuri." Hapa nitatumia hesabu ya shule. Twaa gunia moja lenye sumu sehemu 1,000, ulichanganye na magunia tisa masafi. Sasa unayo magunia kumi, kila moja lina sehemu 100, mara kumi ya sheria. Hukupunguza sumu hata chembe. Umewagawia watu wengi zaidi.

Neno la nne: "Tuwape mifugo." Kuku wanaumia, bata wanaumia zaidi, na ng'ombe akila, sumu hupita ikaingia katika maziwa. Sisi tunaokaa Dagoretti, Kangemi na Kawangware tunanunua maziwa kwa majirani wenye ng'ombe nyuma ya nyumba. Mwaka 2016 wataalamu waliandika habari ya watoto wadogo wa Dagoretti na Korogocho. Karibu kila chakula walichopima kilikuwa na sumu hii kwa kiasi fulani, na waliona uhusiano kati ya sumu inayopatikana katika maziwa na watoto kuwa wafupi kuliko umri wao. Hao si watoto wa nchi ya mbali. Ni wa njia hiyo hiyo tunayoitengeneza.

Neno la tano: "Babu zetu walikula na hawakufa." Babu zetu hawakuishi kwa mahindi peke yake asubuhi, mchana na jioni. Walikuwa na mtama, wimbi, mawele, ndizi na viazi. Na chakula chao walikiweka katika ghala lililoinuliwa juu ya miti, upepo unapita chini yake. Sisi tunaweka juu ya simiti katika chumba kimoja na sufuria linalotoa mvuke. Tena, nani aliyewahesabu waliokufa kwa ini katika siku za babu zetu?

KIFO CHA POLEPOLE

Ndugu zangu, wale wa 2004 walikula nyingi kwa mara moja, ndiyo maana walionekana. Lakini iko njia nyingine, ya kula kidogo kila siku kwa miaka mingi. Wataalamu wa dunia wameithibitisha sumu hii kuwa inaleta saratani ya ini. Na mtu mwenye ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi B, hatari yake inazidi mara nyingi kuliko ya mtu asiye nao.

Hapa pana jambo la kufaa. Ugonjwa huo una chanjo. Watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu walipoanza kuchanjwa kwa sindano ya magonjwa matano, mwishoni mwa 2001. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, na ndio wengi katika chumba hiki, hatukuipata utotoni. Nendeni mkapimwe, na asiyekuwa na ugonjwa achanjwe.

Mtu wa njia huelewa habari ya kifo cha polepole. Taruma halivunjiki siku moja. Linaoza chini, msumari unalegea kidogo kidogo, na garimoshi linapita kila siku salama, mpaka siku moja. Ndiyo maana tunatembea tukigonga na nyundo, hatungoji kuona kwa macho.

WENYE MAMLAKA NA SISI

Sisemi kuwa serikali haikufanya kitu. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha namna tano za unga wa pakiti uliokuwa ukiuzwa madukani, na Januari 2020 likasimamisha nyingine 17, kwa sababu ya sumu hii. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani. Baada ya siku chache yakaruhusiwa tena kwa sharti la kuandikishwa wenye kuyaleta na kuwa na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10. Hayo ni mema. Lakini angalieni: pakiti ina jina, na mwenye jina anaweza kuitwa. Gorogoro halina jina. Unga wa kinu cha mtaani hauna jina. Mahindi ya lori la kando ya barabara hayana jina. Na hayo ndiyo tunayokula sisi. Kwa hiyo ulinzi wetu hapana budi uanze na sisi wenyewe.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Moja. Usinunue mahindi mabichi. Uma punje: iliyokauka hukatika kwa sauti, mbichi hubonyea. Kipimo cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi 13.5 katika mia.

Pili. Kama huna chombo cha kupimia, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya 15 katika mia. Yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini, si vibaya. Lakini kumbukeni, chupa hupima unyevu, haipimi sumu.

Tatu. Usiweke gunia sakafuni wala ukutani. Weka mbao chini, acha nafasi hewa ipite. Yako pia magunia yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, yanayoua wadudu bila dawa. Lakini usitie mahindi mabichi ndani yake.

Nne. Chagua punje kabla ya kusaga. Akina mama, nawaomba mrudishe ungo. Toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa. Sumu nyingi imo katika punje chache hizo. Na wenzetu Wakamba wanaokoboa mahindi kufanya muthokoi wana faida nyingine: wataalamu waliopima waliona kukoboa kunapunguza karibu nusu ya sumu, maana nyingi imo katika ganda na kiini. Nusu si yote, lakini ni nusu.

Tano. Changanya chakula. Siku nyingine viazi, siku nyingine mchele, siku nyingine ndizi.

Sita. Mwenye shamba nyumbani, aulize habari ya Aflasafe, iliyoandikishwa hapa Kenya mwaka 2015 na inayotengenezwa Katumani karibu na Machakos. Ni mtama uliopakwa kuvu ya namna isiyo na sumu. Hutupwa shambani kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, na kuvu hiyo njema huinyima nafasi ile mbaya.

JAMBO LA CHAMA

Sasa nafika kwenye lile nililolijia. Mambo sita hayo mtu aweza kuyafanya peke yake. Lakini lipo moja asiloliweza peke yake, nalo ni kupata hasara.

Siku ile sisi sita tulijua. Msidhani hatukujua. Pua zetu zilitwambia. Tuliuza kwa sababu kila mmoja alikuwa na deni, na kutupa gunia ni kutupa karo ya mtoto. Aliyetuuzia kutoka kwenye lori labda naye alikuwa na lake. Hivi ndivyo sumu inavyosafiri: kila mmoja anamsukumia aliye chini yake, mpaka inamfikia mama yule wa mlangoni, ambaye hana wa kumsukumia ila mtoto mgongoni. Ninyi mnajua neno la vyama vya wafanyakazi, kuwa jeraha la mmoja ni jeraha la wote. Hapo mimi nililivunja neno hilo kwa bei ya sukari.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu, na naomba yaandikwe.

Kwanza, tawi linunue chombo kimoja cha kupima unyevu, kikae ofisini, na kila kikundi kinachonunua mahindi kwa pamoja kipime kabla ya kulipa. Tena tukinunua mzigo mkubwa, tupeleke kipimo maabara, gharama tugawane.

Pili, wawakilishi wetu wanapokaa na waajiri kuzungumza habari ya chakula kinachopikwa kazini, waulize cheti cha mahindi na unga kama wanavyouliza habari ya viatu na kofia za kazi. Chakula cha kazini ni usalama wa kazini.

Tatu, uanzishwe mfuko mdogo. Mimi nauita Mfuko wa Gunia Bovu. Kila mwanachama anayenunua kwa pamoja atoe kidogo. Likitokea gunia limeoza, lichimbiwe shimo mbele ya mashahidi wawili na kufukiwa, na wenye gunia warudishiwe sehemu ya fedha zao. Mtu asiwe na sababu ya kuuza. Hatuwezi kumwambia mwenye njaa awe mwema kwa hasara yake peke yake. Lakini tunaweza kuigawana hasara ikawa nyepesi.

Baadhi yenu mtasema kuwa gunia moja tu katika mji mkubwa kama Nairobi si kitu. Nami nasema msumari mmoja tu katika njia ndefu kama hii, mbona mnanilipa mshahara niukaze?

Fungu langu la gunia lile nimelileta hapa leo, nimelikabidhi kwa Katibu liwe la kwanza katika mfuko huo, kama mtaupitisha. Wenzangu wanne wameniahidi yao mwisho wa mwezi. Yule tuliyemcheka ameleta lake pia, na ndiye aliyeleta mapema kuliko sisi sote.

Umoja ni nguvu.